Merino, poliesta au pamba: ipi ikae mwilini ukipanda Kilimanjaro, na hela yako ianzie wapi

Kila ikikaribia Juni maswali ni yaleyale. Mtu ameshalipia safari ya mlima, ameambiwa aje na nguo za joto, anaingia mtandaoni anakuta tisheti moja ya merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, inauzwa dola 80, nyingine inapita 100, anashtuka, alafu anauliza hivi kweli hii ina tofauti gani na poliesta ya mtumba ninayoipata pale soko la Memorial, Moshi, kwa noti moja na chenji inarudi? Swali zuri kabisa na lina jibu, ila jibu lenyewe sio "merino ni bora" kama wauzaji wanavyosema, wala sio "mnapigwa tu" kama wanavyosema ambao hawajawahi hata kuivaa. Inategemea unatembeaje, unabeba nini mgongoni, na utafua lini.

Naliweka mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama unapanda kama mgeni, yaani unatembea pole pole na kibegi chako chenye maji na koti la mvua, hela ya merino iende kwenye soksi kwanza, pili kwenye fulana ya mikono mirefu ya kulalia na ya usiku wa kilele, tatu kwenye taiti ya ndani, basi, mchana vaa poliesta yako bila wasiwasi wowote. Kama we ni mpagazi, mpishi wa kambi, au mtu yeyote wa kubeba mzigo na kutoka jasho kutwa nzima, poliesta ichukue mwili na merino ibaki miguuni. Pamba ibaki Moshi mjini inakusubiri.

Sasa sababu zake.

Mlima wenyewe unataka nini

Wengi wanafikiria baridi tu, wakati Kilimanjaro inakupitisha kwenye hali ya hewa tofauti tofauti ndani ya siku chache. Ukianzia geti la Marangu uko kwenye mita kama 1,860, ni msitu, unyevu mwingi, na joto la kutosha kulowanisha mgongo wote. Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani kila kituo kimepishana na mwenzake mita 1,000, na kila unapopanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6 hivi. Kwa hiyo jana yake ulikuwa unajifuta jasho na leo jioni unatafuta glovu. Alafu ndo uje usiku wa kilele: mnaamshwa saa tano, mnaanza kutembea kwenye saa sita, mbele yenu kuna mita 1,175 za kupanda mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, giza, upepo, nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida na zikishuka mpaka 15 au 20 wazoefu hawashangai.

Ila kitu kinachoamua nguo kuliko hata baridi ni mwendo. Kule juu watu wanajongea. Hatua, pumzi, hatua, pumzi, mnasimama kumsubiri mwenzenu anayetapika, mnasimama kunywa maji, mnasimama tena. Mwili hautoi joto jingi na wala hautoi jasho jingi. Ushauri mwingi unaokutana nao umeandikwa na watu wanaokimbia milimani huko Ulaya au wanaoteleza kwenye theluji, wao wanatoka jasho la kufa mtu kwa saa mbili tatu alafu wanarudi nyumbani kuoga na kubadilisha. We unajongea siku sita au saba, unalala na nguo, unaamka na nguo, na maji ya kuoga ni kibeseni kimoja cha maji ya uvuguvugu cha kunawia uso na miguu. Ni matumizi mawili tofauti kabisa na nguo inayomfaa yule sio lazima ikufae wewe.

Pamba tuimalize haraka

Pamba inanyonya jasho vizuri, ndo maana ukiwa Dar au Mombasa huna sababu ya kuvaa kitu kingine. Shida yake ikishanyonya haiachii. Maji yanajaa ndani ya nyuzi, tisheti inakuganda mgongoni, na ukisimama tu upepo ukapita hapo ndo baridi inapoanzia. Hii ni pamoja na jinzi, fulana za kampeni, soksi za shule, na kitu ambacho akina dada wengi hawaambiwi, sidiria ya pamba. Unaweza ukawa umevaa vitu vya gharama juu mpaka chini alafu kuna mkanda wa pamba uliolowa umekuzunguka kifua usiku kucha. Tafuta sidiria ya michezo ya poliesta au nailoni, na nguo nyingine za ndani vilevile. Kitenge cha shingoni cha kuzuia vumbi la kule kwenye jangwa la juu, hicho beba, hakina shida.

Jasho, hapa ndo merino na poliesta zinapoachana

Uzi wa poliesta ni plastiki, haunywi maji. Kiasi unachoshika ndani yake hakifiki hata asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo jasho linasambaa juu juu ya nyuzi, linakutana na hewa, linakauka, na hiyo ndo sifa yake kubwa na sio ndogo. Merino inafanya kinyume chake. Uzi wa sufu ndani yake unanyonya mvuke wa jasho kabla hata haujageuka matone, na unaweza kubeba karibu theluthi moja ya uzito wake bila wewe kuhisi kwamba umelowa, huku ngozi ya nje ya uzi ikiwa haipendi maji, ndo maana tone dogo la mvua linakaa kwanza juu kabla ya kuzama. Na kuna jambo la ziada ambalo watu wengi wanadhani ni hadithi lakini ni kweli: sufu inaponyonya mvuke inatoa joto kidogo. Sio joto la kukufanya uvue koti, hapana, ila ni kidogo kinachosaidia pale unapotoka kwenye hema lenye uvuguvugu kwenda nje kwenye ubaridi.

Sasa tafsiri hii kwa matembezi. Umepanda Barranco asubuhi, ule ukuta unaushika kwa mikono, umetoka jasho, umefika juu umekaa kupumzika. Kwenye poliesta jasho linaanza kukauka kwa kasi, na jasho likikauka linachukua joto la ngozi, kwa hiyo ndani ya dakika chache unasikia ubaridi mgongoni unaanza kutafuta jaketi. Kwenye merino mambo yanakwenda taratibu, unapoa lakini hupoi ghafla. Kwa mtu anayetembea na kusimama, kutembea na kusimama, hii tofauti anaisikia siku nzima, na usiku wa kilele anaisikia zaidi.

Lakini igeuze. Mmenyeshewa msituni njia ya Machame, maji yamepita kwenye zipu, fulana imelowa chepechepe. Hapo merino haina ubishi, imeshindwa. Ikishalowa ni nzito na inakauka polepole, wakati poliesta ukiikamua ukaining'iniza kwenye kamba ya hema na jua likatoka, muda si mrefu unaivaa. Na merino ikilowa bado inakupa joto zaidi kidogo kuliko pamba, sawa, ila usidanganyike na wale wanaosema sufu ikilowa ni kama haijalowa. Imelowa.

Wengine watakwambia sufu inawasha, wanakumbuka lile sweta la bibi. Kuwasha kunatokana na unene wa uzi. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) kama 70, uzi wa merino wa nguo za ndani uko kwenye 17 mpaka 19, ukigusa ngozi unapinda badala ya kuchoma. Sweta la bibi lilikuwa la kondoo mwingine mwenye nyuzi nene, au lilikuwa akriliki kabisa, yaani uzi wa plastiki, maana masweta mengi tunayoita ya sufu huku kwetu, pamoja na yale ya shule, ni akriliki. Hata kondoo wetu wa Kimasai hana sufu, ana nywele fupi tu, merino inatoka kwa kondoo wanaofugwa kwa wingi Australia, New Zealand, Afrika Kusini, na Lesotho milimani.

Harufu

Hapa sitaki kuzunguka, kama kuna sababu moja tu ya kununua merino kwa safari ya siku saba basi ni hii. Poliesta inapenda mafuta ya mwili, inayashika, bakteria wanakula hapo, na ikifika siku ya pili jioni fulana inanuka kiasi kwamba we mwenyewe ndani ya slipingi begi unageuza uso. Na ile harufu haitoki yote ukifua, wenye jezi za mpira wanajua, ukiivaa tu ukapata joto kidogo inarudi. Merino inazifungia zile hewa zenye harufu ndani ya uzi na inabaki kavu kavu kwa nje, bakteria hawapati raha, kwa hiyo unaivaa siku nne tano na bado unaweza kukaa meza moja na watu kwenye hema la chakula. Ukiitundika usiku ikapigwa na hewa asubuhi inakuwa imejirudi kiasi.

Faida ya hii sio ustaarabu peke yake. Ni uzito. Fulana moja ya merino inachukua nafasi ya poliesta tatu, na mzigo wako kuna binadamu anaubeba kichwani. KINAPA, wasimamizi wa hifadhi ya Kilimanjaro, wameweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, kwa hiyo kila fulana unayoiacha mjini ina maana kwa mtu mwingine. Mi naona wageni wanakuja na begi limejaa tisheti saba, moja kwa kila siku, wakati tatu zingetosha.

Uimara, moto na mikanda

Poliesta inashinda, na inashinda kwa mbali. Fulana ya merino ya gramu 150 kwa mita ya mraba ni laini mno, mikanda ya begi ikisugua mabegani siku nzima vitundu vinaanza, ukiikwaruza kwenye jiwe la lava imekwisha. Ya gramu 200 inavumilia zaidi na kwa Kilimanjaro ndo ninayoipendekeza, ya 250 ni ya joto sana kwa kutembea lakini kwa kulalia na kwa usiku wa kilele ni tamu. Kuna kampuni zinatengeneza merino iliyozungushiwa kwenye uzi wa nailoni katikati, ina asilimia kama 85 ya sufu na iliyobaki ni nailoni, hiyo ukiipata chukua, inadumu zaidi na harufu yake bado ni nzuri.

Eneo moja la uimara ambapo merino ina heshima yake ni moto. Poliesta ikikaribia moto inayeyuka na inaganda kwenye ngozi. Sufu haiyeyuki, inaungua taratibu na ukiitoa kwenye moto mara nyingi inazima yenyewe. Mpishi wa kambi anayeshinda kwenye hema dogo na jiko la gesi namshauri kabisa asivae fliisi (ile nguo ya poliesta yenye manyoya laini) nyembamba ya mikono inayoning'inia.

Soksi, anza hapa

Ningekuwa na elfu hamsini tu ya kununua kitu kipya kwa ajili ya mlima ningenunua soksi za merino. Miguu ndo inayotoka jasho jingi, iko ndani ya buti haipati hewa, inasuguliwa kwa muda wa saa nane, na malengelenge yanaanza pale ngozi inapokuwa laini kwa unyevu alafu ikasuguliwa. Soksi ya merino iliyochanganywa na nailoni na kidogo cha mpira wa kuvutika inakausha ngozi, inakaa vizuri haikunji, na inatoa joto. Beba mbili za kutembelea za unene wa kati, na moja nene ambayo haitoki kwenye slipingi begi mpaka usiku wa kilele, yaani hiyo ni ya kulalia tu na ya kilele tu, usiivae ukaenda nayo chooni ikalowa umande. Soksi mbili kwa pamoja kwenye buti linalobana ni kosa kubwa kuliko soksi nyembamba, maana damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Bora buti liwe na nafasi na soksi iwe moja nzuri.

Smartwool wa Marekani na Icebreaker wa New Zealand walianza miaka ya 1990 na majina yao utayakuta mpaka kwenye marobota ya mitumba. Hapo ndo tunaingia kwenye bei.

Bei, na namna ya kuikamata mitumbani

Mpya ni ghali na itaendelea kuwa ghali, kondoo anakatwa sufu mara moja kwa mwaka, nyuzi zinachambuliwa kwa unene, hakuna njia ya mkato. Lakini sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa huko hawana: marobota yanashuka Memorial na Kiboriloni, na muuzaji mara nyingi hajui kwamba ile fulana nyembamba nyeusi isiyo na mvuto ni merino, anaiweka fungu moja na nyingine. Soma lebo ya ndani ubavuni. Ukiona "merino wool", "Merinowolle", "laine mérinos" au "lana merino" shika usiachie. Lebo nyingi zimekatwa, hapo tumia mkono, merino ni laini, haitelezi kama poliesta wala haina mng'ao, ukiikunja kwenye ngumi ukaiachia inafunguka yenyewe bila makunyanzi mengi. Ukishainunua na bado una shaka, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome nyumbani: sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika kwa vidole, poliesta inanuka plastiki na inabaki kitone kigumu cheusi. Kagua makwapa na mabega kwa kuinyoosha kwenye mwanga, vitundu vya nondo vinaonekana kama vimetobolewa kwa sindano, na kimoja leo ni vitano mwezi ujao.

Na kwa upande wa poliesta, ndugu yangu usinunue kabisa kabla hujaangalia kabatini. Jezi ya Simba au Yanga uliyonayo ni poliesta. Jezi ya mazoezi ya mikono mirefu, hiyohiyo. Kwa siku mbili za kwanza msituni inakufaa kuliko tisheti nyingi za bei zinazouzwa kama za mlima, na mashabiki mtakaopishana nao njiani mtapata cha kuongea.

Mpagazi na mgeni hawavai sawa

Hili linaniuma kwa sababu ushauri wote unaelekezwa kwa mgeni. Mpagazi anatoka kambi moja hadi nyingine kwa kasi mara mbili ya mgeni, kabeba kilo 20 pamoja na vitu vyake, anafika amelowa, alafu anaanza kusimamisha hema kwenye upepo wa saa tisa. Yeye anahitaji kitu kinachokauka haraka na kinachostahimili kusuguliwa, na kinachofuliwa kwa sabuni ya mche bila kuharibika maana baada ya siku mbili anapanda tena na kundi lingine. Hiyo ni poliesta, hakuna mjadala. Akifika kambini abadilishe fulana, avae kavu, na juu yake fliisi. Wagumu, yaani wapagazi, wengi hawana hiyo ya pili ya kubadilisha na ndo hapo baridi inapowakamata, sio wakati wa kutembea. Pale Moshi kuna Kilimanjaro Porters Assistance Project, wanawaazima wapagazi nguo za mlimani bure, kijana anayeanza kazi apitie pale kabla hajaingia kwenye mkopo wa jaketi. Na mgeni ukitaka kumwachia mtu kitu mwisho wa safari, acha soksi nzuri na fulana ya mikono mirefu zilizofuliwa, au glovu zisizopitisha maji, hizo zinafanya kazi wiki inayofuata.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "wapagazi mbona hawavai merino, si inaonyesha haina kazi?" namwambia kazi yao na kazi yako ni mbili, mwili mmoja unafanya kazi kama injini na mwingine unajongea.

Ya juu yake

Hapa napita haraka. Tabaka la pili, fliisi ya poliesta inashinda sweta la merino kwa bei, kwa wepesi na kwa kukauka, na mitumba imejaa fliisi nzuri. Sweta nene la merino ni raha kambini lakini ni anasa. Tabaka la tatu ni jaketi la manyoya ya bata au la nyuzi za kutengeneza, kodisha Moshi kama huna safari nyingine karibuni, na juu kabisa koti na suruali ya kuzuia mvua na upepo, hapo hakuna merino wala nini. Merino haizuii upepo hata kidogo, upepo wa Stella Point, pale ukingoni karibu na kilele, unapita kwenye sufu kama vile hujavaa, lazima kuwe na kitu cha kuufunga kwa nje. Wale wazungu wa Everest mwaka 1924 walivaa hariri, pamba na sufu tabaka juu ya tabaka na nje wakafunga kwa kitambaa cha kuzuia upepo, na nguo za mfano huo zilipotengenezwa upya na kujaribiwa kulekule mwaka 2006 zilionekana zinatoa joto vizuri. Siri ilikuwa kwenye mpangilio.

Ukiwa unaenda mlima mwingine

Meru, mita 4,566, siku tatu au nne na unalala kwenye vibanda, poliesta inatosha kabisa kwa sababu hata harufu haijapata muda wa kukomaa, beba tu soksi nzuri. Mlima Kenya kwenda Lenana, mita 4,985, panga kama Kilimanjaro ila ukipita njia ya Naro Moru kwenye lile tope la wima poliesta mbili za kubadilisha ni lazima. Rwenzori ni kesi yake peke yake, kule ni mvua na matope na mabuti ya mpira siku nzima, mchana usijisumbue na merino mwilini, vaa poliesta ilowe ikauke ilowe tena, lakini ndani ya lile buti la mpira soksi nene za merino ni za lazima kuliko mlima wowote ninaoujua, na fulana ya kulalia ifungwe kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Nyiragongo, ile volkano ya Kongo kule Goma, hali ya usalama ikiruhusu, unapanda kwa siku moja kwa jasho kubwa alafu unalala ukingoni kwenye mita karibu 3,470 na upepo wake, hapo ndo mfano mzuri wa kutumia zote mbili: panda na poliesta, ukifika tu ivue kabla hujakaa, vaa merino kavu.

Kuitunza, maana ukiiharibu umechoma hela

Poliesta haina masharti, ila ikifuliwa inamwaga vijiuzi vya plastiki, kwa hiyo tafadhali msifulie kwenye vijito vya mlimani, maji yale ndo yanayoshuka kwenye mifongo (mifereji) ya watu huku chini. Usitumie sabuni yenye manukato mengi kuficha harufu. Iloweke kwenye maji yenye siki kidogo kwa nusu saa kabla ya kufua, inasaidia.

Merino inataka maji ya baridi au vuguvugu, yasizidi nyuzi 30, sabuni laini, hata shampuu inafaa maana sufu nayo ni nywele. Usiisugue kwa nguvu wala kuichemsha, magamba ya nyuzi yanashikana na fulana yako inarudi saizi ya mtoto wa chekechea na hairudi tena. Jiki ni marufuku, inaiyeyusha sufu kabisa, sio kuifubaza. Usiisokote kukamua, iviringishe ndani ya taulo uikandamize, alafu ilaze juu ya kitu kikavu kivulini, ukiitundika ikiwa na maji inavutika mabega. Ikikauka ikunje uiweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, maana nondo wa nguo wanakula sufu na wanapenda zaidi ile yenye jasho, kwa hiyo usiihifadhi chafu hata kama haina harufu. Fulana ya gramu 200 ukiitunza hivi inapanda milima miaka mingi, na vitundu vidogo vikitokea vishonwe mapema kwa uzi mwembamba kabla havijakutana.